Nilibonyeza Hapana

Jumanne, 3 Juni

Dada,

Mpokea vifurushi wa kituo cha mabasi ameniuliza kwa nini nahangaika na bahasha wakati dunia nzima ina simu. Nikacheka naye. Ningemwambia nini? Simu ndiyo inayonikimbiza.

Tarehe 24 naitwa mahakamani kwa ule moto wa ghala. Nilishakusimulia nilichokiona kupitia dirisha la nyuma la duka letu la kushonea: gari dogo la mizigo, mtu akishusha madumu na kuyaingiza ndani, kisha moshi, na mlinzi hakutoka. Uso sikuuona. Niliona mgongo na mwendo wake. Hayo ndiyo niliyomwambia mpelelezi, na ndiyo nitakayoyarudia mbele ya hakimu.

Tangu wiki jana kuna mwanamume ananipigia. Hapigi saa za watu wabaya, anapiga mchana kweupe, duka likiwa limejaa wateja na mimi nina pini mdomoni. Anaongea kama aliyeziba mdomo kwa kitambaa. Jana alisema hivi: "Fundi, lile dirisha ulilochungulia tutalipigilia misumari, na wewe ukiwa ndani." Kisha akaniambia kitasa cha mlango wetu wa uani hakifungi. Ni kweli hakifungi, dada. Kimeharibika mwezi sasa.

Nimebadilisha laini mara mbili. Hii ya pili haikumaliza hata siku, akapiga. Nimeizima na kuitupa kwenye kopo la vifungo.

Mume wangu anataka niachane na kesi. Anasema mlinzi hatafufuka, tufungashe tuhamie mji mwingine, mota zinaungua kila mahali na yeye fundi mota hatakosa kazi ya kuzisuka upya. Tumegombana. Kama si plasta ya mguu wako uliovunjika ningekuomba uje ulale na mimi kitanda kimoja kama tulipokuwa wadogo, hata ukikoroma.

Mdogo wako, mwenye tumbo joto


Ijumaa, 6 Juni

Mdogo wangu,

Sikoromi. Hilo tulimalize kwanza.

Sasa sikiliza, na fanya kama nitakavyokwambia. Kile kinasa sauti kidogo nilichokupa, ambacho umekuwa ukikitumia kurekodi vipimo vya wateja kwa uvivu wa kuandika, kitoe. Washa ile laini tena. Akipiga, weka simu kwenye spika, kisogeze kinasa karibu, na umwache aseme. Usimjibu, usilie, usimtukane. Kisha nitumie kadi yake ya kumbukumbu kwa njia hii hii ya basi.

Mimi kazi yangu ni sauti. Mwaka wa kumi na mbili huu natengeneza michezo ya redio, nimesikiliza watu wakijifanya wazee, watoto na majini. Mtu anaweza kuziba mdomo, lakini namna anavyovuta pumzi na anavyomalizia maneno hawezi kuificha. Niletee nimsikie, nitakwambia ni nani.

Na unijibu swali moja: namba mpya ulimpa nani na nani? Taja wote.

Dada yako, wa mguu mmoja kwa sasa


Jumatatu, 9 Juni

Dada,

Kadi hii hapa. Alipiga Jumamosi na nikafanya ulivyosema. Mama Vifungo, mwenzangu wa dukani, alinishika mkono muda wote, na mteja mmoja akadhani tunasali.

Mimi nimeirudia mara kadhaa. Sauti yake siijui, lakini pia haiko mbali. Ni kama nguo ya mtu unayemfahamu ikiwa imevaliwa na mwingine.

Namba nimewapa watu watatu. Wewe, mume wangu, na mama mdogo. Na mama mdogo wetu unamjua, hata kuhifadhi namba hawezi, simu anampa mwanawe. Huyo Kaka Sukani karudi kwa mama yake mwaka huu, anaendesha magari ya watu kama zamani. Sijakaa naye tangu mimi niko darasa la pili, wewe ndiye uliyeishi nao ukisoma.

Mume wangu siku hizi anafika nyumbani mapema na kukaa kimya. Nikimuuliza anawaza nini ananijibu, "Nawaza tuondoke." Jana aliniuliza tena kama nimebadilisha nia. Nikamwambia sijabadilisha. Akanyanyuka akaenda kusimama uani, karibu na ule mlango, kwa muda mrefu.

Mdogo wako


Alhamisi, 12 Juni

Mdogo wangu,

Keti kwanza. Kama yupo karibu, ikunje barua hii na uisomee dukani.

Nilipoipata kadi nilifungua kazi mpya kwenye kompyuta ya studio. Nikapanga rekodi ya vitisho kwenye mstari mmoja, na chini yake nikapanga rekodi za sauti za wanaume wote unaowafahamu nilizonazo. Rekodi ya harusi yako ninayo, niliirekodi mwenyewe. Kompyuta ikaniambia faili lako halifanani na mengine kwa kiwango, inaomba ruhusa ilibadilishe. Nilibonyeza hapana. Huu ni ushahidi, sikutaka chembe ya sauti hiyo iguswe na mashine wala na mkono wangu.

Kisha nikasikiliza. Nikarudia, nikarudia, mpaka mlinzi wa studio akaja kuniuliza kama nimelala humo.

Ni mumeo.

Najua unachotaka kusema. Nami nilikisema. Lakini weka kipande cha yule mtu akisema "tutalipigilia", kisha weka mumeo kwenye harusi akisema "tutashukuru". Uzito ule ule, ule uvivu wa ulimi, ile namna ya kuliburuta neno kama gunia. Nimekuwekea vyote viwili kwenye kadi hii, vikifuatana, uvisikie kwa masikio yako. Na fikiri: nani anajua kitasa hakifungi? Nani alipewa namba? Mimi na mama mdogo tutoe. Nani anataka uache kesi? Sijui wenye ghala wamemwahidi nini au wamemtishia nini. Labda naye anaogopa. Lakini mtu anayekutisha hivi na kisha anakula nawe sahani moja, mimi simwachii mdogo wangu.

Ondoka. Usimuulize, usimwage machozi mbele yake, usimpe nafasi ya kujieleza. Nenda kwa mama mdogo. Nyumba ina geti, na yupo mwanamume wa kukulinda. Nimempigia mama mdogo, nimemwambia una homa ya wasiwasi unahitaji kupumzika. Kaka Sukani atakufuata na gari.

Nimeishi na watu hawa miaka minne, hawana baya.

Dada yako


Jumapili, 15 Juni

Dada,

Nimefika. Niko kwa mama mdogo, chumba cha nyuma, kile ulichokuwa unalala wewe.

Niliisikiliza kadi nikiwa choo cha dukani. Nilipofika kwenye "tutashukuru" nilikizima kinasa. Ni yeye, dada. Nimelala kando ya sauti ile miaka sita, na jana yake tu ilikuwa imeniuliza kama chumvi imekolea. Nilifunga nguo chache nikaondoka akiwa karakana. Kosa moja nimefanya: barua yako nimeiacha juu ya meza ya cherehani. Nimelikumbuka njiani na sikuthubutu kurudi. Kwa hiyo sasa anajua kwamba tunajua.

Kaka Sukani ndiye aliyenichukua. Mpole sana, amebeba hata kapu la nguo. Simu yangu amekaa nayo yeye, anasema mtu akipiga atamjibu yeye. Mama mdogo ananisonga kwa chakula. Geti linafungwa na funguo anazo Kaka Sukani, na kwa kweli nilishusha pumzi nilipolisikia likifungwa.

Ila sijui nina nini, woga haujaniisha. Labda umenizoea. Kaka Sukani ananiuliza habari za kesi, kwa wema tu. Ameniuliza mara kadhaa kama niliuona uso au mgongo. Nikimwambia mgongo, ananiuliza, mgongo wa namna gani. Anasema hapa napo mume wangu atapajua, kwa hiyo Jumamosi tarehe 21 atanipeleka shambani kwa rafiki yake, mbali na watu, nitulie mpaka siku ya kesi ipite. Nimesema siku ya kesi nataka kwenda mahakamani. Akasema tutaona.

Nimwambie nini, dada? Wewe ndiye unayewajua hawa.

Barua hii anaipeleka msichana wa kazi, maana Kaka Sukani alisema atanipelekea mwenyewe halafu akasahau.

Mdogo wako


Jumanne, 17 Juni

Shemeji,

Nimekupigia tangu asubuhi, na kila ukiisikia sauti yangu unakata. Ni haki yako. Nakuandikia, na nakuomba uisome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Nimekosea. Si wewe. Mke wako yuko kwenye nyumba ya mtu anayemtisha, na aliyempeleka huko ni mimi.

Nitakueleza kwa lugha ya umeme, maana hiyo unaijua kuliko mimi. Jana nilikuwa namtayarishia mpelelezi nakala. Kinasa cha mkeo kinahifadhi sauti kwa kina kikubwa, biti ishirini na nne, wakati rekodi yangu ya harusi ni ya biti kumi na sita. Kwa kina hicho unaweza kupandisha hata vile vilivyojificha chini ya ukimya na bado vikasikika safi. Nikapandisha zile sehemu ambazo yule mtu ananyamaza, ili nisikie kama nyuma yake kuna chochote. Nikasikia mvumo wa umeme wa dukani, wa taa na mota za cherehani. Nikaupandisha pia wa ukumbi wa harusi. Nilipoicheza mivumo hiyo pamoja haikukaa pamoja, iligongana, ikawa inatetemeka kama bati lililolegea.

Nikaipima. Ule wa harusi ni mitetemo hamsini kwa sekunde. Ule wa dukani ni arobaini na sita.

Shemeji, hakuna duka lenye umeme wa arobaini na sita. Hapo ndipo nilipogundua. Kinasa chake kinakata kila sekunde ya sauti vipande elfu arobaini na nane. Kazi yangu studio ilikuwa imepangwa kusoma vipande elfu arobaini na nne na mia moja. Kompyuta iliniomba ibadilishe ili vilingane, nami nilibonyeza hapana, nikijiona mlinzi wa ushahidi. Basi ikavisoma vile vile vipande, lakini polepole. Kila kitu kikachelewa karibu sehemu moja ya kumi na mbili, na sauti ikashuka, ikawa nzito na ya kuburuta. Ikawa yako. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hafanyi kosa hili, kwa sababu yeye hubonyeza ndiyo bila kufikiri.

Nimeiweka sawa. Kwa mwendo wake wa kweli ile sauti ni nyepesi na ya haraka, na sikuhitaji kuilinganisha na yeyote. Ndiyo iliyokuwa ikiniita mezani miaka yote niliyosoma. Ni Sukani, mtoto wa mama mdogo. Namba alizipata kwenye simu ya mama yake. Kitasa nadhani mkeo alimlalamikia mama mdogo, kama anavyomlalamikia kila kitu. Na nimempigia mpelelezi kumuuliza gari lililoonekana ghalani ni la nani. Anasema la tajiri mmoja, dereva wake hajapatikana.

Nimemsihi aende kwenye ile nyumba. Anasema mtu mzima ametoka kwa mumewe akaenda kwa ndugu zake kwa miguu yake, na hawezi kuvunja geti kwa sababu ya mvumo. Anataka nimpelekee rekodi hizo na maelezo ya maandishi. Nayaandaa, lakini Jumamosi Sukani anampeleka shambani. Shemeji, hatarudi.

Kuna karatasi ndogo ndani ya bahasha, ni ya mke wako, nimeiandika kwa mkono wangu. Usiende mwenyewe mlangoni. Atakuogopa, na hiyo pia ni kazi yangu.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba umtoe.

Shemeji yako


Alhamisi, 19 Juni

Shemeji,

Barua nimeipata leo asubuhi. Ningeipata jana ingekuwa vizuri, maana jana nilikwenda.

Nilikwenda kwa sababu sikuwa najua la kufanya. Barua yako ya kwanza niliikuta mezani. Nilikaa nayo siku nne. Nilijiuliza kama kweli ninaweza kuwa nimefanya kitu hicho na nikasahau. Mtu akiandika kwa uhakika vile unaanza kujishuku.

Nilimwita nikiwa nje ya geti. Nilisikia sahani ikianguka ndani, kisha nikamsikia akipiga kelele nisiingie. Sijawahi kusikia mke wangu akipiga kelele ile. Sukani akatoka akaniambia kwa adabu kwamba ni bora niondoke, watu wanaangalia. Majirani walikuwa wananiangalia mimi. Niliondoka. Wakati ule nilifikiri namwachia mtu mwema.

Arobaini na sita ingeunguza mota zote za mtaa, ningekuwa tajiri. Nimeelewa ulichoandika. Nimekisoma mara nyingi.

Mimi nilitaka aache kesi kwa kuwa niliogopa atauawa. Nilisimama uani kwa kuwa nilikuwa nafikiria kitasa. Nilinunua kipya siku aliyoondoka. Bado kiko kwenye karatasi yake.

Mpango ni huu. Nimezungumza na Mama Vifungo. Kesho atakwenda pale na futi yake ya kupimia, kumpima mama mdogo gauni. Mama mdogo hawezi kukataa gauni. Karatasi yako ataikunja ndani ya kitambaa cha mfano. Wakishapima atasema anahitaji fundi mwenzake dakika moja dukani kuchagua bitana. Saa hizo, ameulizia kwa majirani, Sukani hupeleka gari kuoshwa na humwachia msichana wa kazi funguo za geti. Mimi nitakuwa kituo cha polisi na mpelelezi, sitaonekana njiani. Mama Vifungo amesema niwe mbali kabisa, nisije nikamtia hofu akarudi ndani.

Mama Vifungo ana sukari na mwendo wake si wa haraka. Hilo ndilo ninaloliogopa. Na kama ataisoma karatasi asiamini, basi.

Barua hii ikikufikia, litakuwa limeshakuwa, lolote litakalokuwa.

Shemeji


Alhamisi, 10 Julai

Dada,

Kwenye simu nimekwambia mimi mzima, na ni kweli. Nimekwambia pia kwamba nilisimama mbele ya hakimu nikasema mgongo na mwendo, na nilipoambiwa nimwangalie Sukani, aliyekamatwa siku ile ile niliyotoka kwao, akitembea kutoka mlangoni hadi kizimbani nilisema ndiye. Mama mdogo alikuwa mstari wa nyuma, amevaa kitenge kile kile alichotaka kushonewa, amejifunga tu. Hatusemi naye. Mama Vifungo anawaambia wateja wote jinsi alivyokimbia, ingawa mimi nilikuwepo na hakukimbia, tulitembea, na nilidhani hatutalifikia geti kamwe.

Hayo tumeyaongea. Sasa nakuandikia yale ambayo siwezi kuyasema kwenye simu, kwa sababu mume wangu anakuwa karibu anasikia.

Karatasi yako niliiamini. Ulivyonieleza vipande na mwendo nilielewa, na alipoisoma mume wangu akanichorea hata kwenye meza kwa chaki ya cherehani, mstari mrefu na mfupi, mpaka nikaelewa zaidi. Akili yangu haina shaka naye. Ile kadi nimeichoma. Lakini niliisikiliza mara nyingi sana kabla ya kuichoma, dada. Niliisikiliza siku tano mfululizo kule chumba cha nyuma, nikijikaza nimchukie ili nisimkumbuke. Imeingia mahali ambapo maelezo hayafiki.

Wiki ya kwanza alipokuwa akiniongelesha kwa ghafla nilikuwa nashtuka, nikisingizia sindano. Kisha nikaona ameanza kubadilika. Anaongea haraka, kwa sauti nyembamba, kama anayeigiza mwanamke. Nilidhani ni mafua. Mafundi wenzake wakaanza kumtania karakana, wakamwita kinanda. Siku moja nikamsikia kupitia dirishani akimwelekeza mteja juu ya mota yake, na kule alikuwa anaongea kwa sauti yake ya siku zote, nzito, polepole. Akafika mlangoni, akasita kidogo, akakohoa, akaingia na ile nyembamba.

Ni kwa ajili yangu. Ameipandisha sauti yake mwenyewe ili nisimwogope.

Nililia sana. Juzi nikamwambia aache, arudi kwenye sauti yake, mimi nimeshazoea. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia nina hakika. Tulikuwa jikoni, nimempa mgongo, nachambua mchele. Akaniita jina langu kama alivyokuwa akiniita zamani, taratibu, akiliburuta.

Niliitika abee vizuri tu, dada. Lakini nilipoitika nilikuwa nimeshafika mlangoni, na mkono wangu ulikuwa kwenye komeo.

Mdogo wako